Mikwaruzo ya Mlango wa Jikoni

Kila Jumamosi Chiriku alikwenda na bibi yake kufagia nyumba ya shamba ya ukoo wao. Jina hilo alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hizi hakuna aliyelala katika nyumba ile kongwe. Bibi aliitoa itumiwe na majirani: chumba kimoja kilikuwa maktaba, kingine darasa la ususi wa vikapu.

Siku hiyo wageni walitarajiwa. Chiriku aliuona mwimo wa mlango wa jikoni umejaa mikwaruzo. "Aibu gani hii!" alisema. Fundi aliyekuwa akipaka kuta rangi alikuwa ametoka kwenda kunywa chai, basi Chiriku akachukua brashi yake na kupaka chapuchapu, akijiona fundi hasa.

Bibi alipoingia, alishika kichwa. "Nani amepaka hapa?"

Chiriku alificha mikono mgongoni. "Fundi," alijibu.

Kumbe mikwaruzo ile ilikuwa vimo vya watoto wa ukoo, vilivyochorwa kwa ncha ya kisu. Mkwaruzo mmoja mwembamba, wa chini kabisa, ulikuwa wa kaka yake Bibi, aliyefariki akiwa na miaka sita. Hakuwahi kupigwa picha.

"Mama, si mimi," fundi alisema. "Niache basi nifute..."

"Usiguse kitu changu! Nenda!"

Fundi alikusanya vifaa vyake akaondoka ameinamisha kichwa, baada ya kuitunza nyumba ile miaka kumi na miwili. Chiriku alimtazama tu. Siku tatu hakuzungumza wala hakugusa chakula, hata mama yake akadhani ana homa. Siku ya nne alishindwa kuvumilia.

"Bibi, nilimsingizia fundi. Ni mimi niliyepaka."

Walikwenda kwa fundi, na wote wawili wakamwomba radhi. Fundi alirudi nao, akaugusa mwimo kwa kidole.

"Siku ile rangi ilikuwa mbichi. Ningeifuta kwa mafuta ya taa. Sasa imekauka, lazima nikwangue."

Alikwangua taratibu. Alama zilizochimbwa sana zilionekana tena, lakini ule mkwaruzo mwembamba wa chini ulitoka pamoja na rangi. Chiriku aliangua kilio.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, "kupaka ulipaka kwa kutojua, nami nilifukuza mtu bila kumsikiliza. Lakini uongo uliusema ukijua. Ukikosea, sema saa ileile, kosa lingali linafutika."

Kisha akaweka kiganja kwenye mbao. "Alikuwa anafika hapa," alisema. Akakishusha kidogo. "Au hapa."