Medali ya Kato

Jumapili, saa tano kasoro robo asubuhi, kabati la klabu ya ngumi ya Nshambya lilikutwa tupu. Kocha Rutashobya alikuwa amekuja kuichukua medali ya fedha aipeleke kwenye sherehe ya Kato Byabato, bondia aliyeipata wiki ile Kampala, katika mashindano ya kimataifa ya ngumi za ridhaa. Kioo kizima, kufuli zima. Bukoba yote ilishika tama.

Mlinzi, Clavery, hakuficha kitu. Alisema saa nne Kato mwenyewe alikuja kuomba medali yake, naye akamfungulia. Lakini saa nne hiyohiyo Kato alikuwa Kimwani, Muleba, amesimama mbele ya usharika mzima kwenye ibada ya shukrani. Inspekta, mgeni mkoani, hakutaka porojo: mlinzi ni mwizi tena mwongo, kesho mahakamani.

Sajini Judica, Mhaya wa Maruku, alimuuliza Clavery kama aliona lolote geni.

"Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, afande. Na hakunitania kama kawaida yake."

Saa tisa alasiri Judica alifika Kimwani na askari mmoja, sherehe ikiendelea nyumbani kwa kina Kato, akampa Kato mkono wa pongezi. Kiganja laini, vifundo bila hata mchubuko. Mtu aliyetoka kupigana mara nne! Hapo Judica alijionea aibu kwa kuchelewa kuwaza. Alimgeukia mama wa bondia, Joviana, aliyekuwa akipakua ebitoke, ndizi za kupika.

"Waitu mama, Mhaya akisikia Kato anajua ni pacha wa pili. Ishengoma, pacha wa kwanza, yuko wapi?"

Joviana aliweka sahani chini. Kocha, aliyekuwa kati ya wageni, aliinuka aondoke, askari akamzuia mlangoni. Kutoka jikoni akatokea kijana, sura ya Kato, medali shingoni.

Ishengoma alilelewa Maruku kwa shangazi. Klabuni hakuna aliyemjua ila kocha.

"Kato alipanda mizani, mimi nikapanda ulingoni," alisema. "Yeye kilo hamsini na saba, mimi sitini na tatu. Nilivuka mpaka wa Mutukula peke yangu, kocha akanificha gesti. Wa nusu fainali nilimvunja taya. Hakuwa wa uzito wangu, na silali vizuri. Kato na kocha waliahidi leo nitatambulishwa hapa nyumbani. Jana kocha akanipigia, nisionekane, basi nikaifuata medali mwenyewe."

Kato alijifunika uso. Judica alipiga simu kituoni Clavery aachiwe, akamwambia kocha watarudi naye Bukoba, na medali itarudishwa Kampala.

Ishengoma hakuwa akimsikiliza. Alimtazama Joviana.

"Mama, na wewe walikudanganya?"

"Hapana. Nilikuona kwenye simu, pambano la kwanza. Kato akirushiwa ngumi hufumba macho. Wewe ulikuwa umeyafumbua."

"Basi mbona kanisani ulisimama naye?"

Ishengoma alivua medali, akaiweka mezani karibu na chakula ambacho hakuna aliyekigusa.