Tikiti ya Mama Dahabo

Nyinyi mnaosema majini hungoja giza, hamjakaa Garsen saa saba mchana, jua limesimama utosini na hata mbuzi wamenyamaza. Saa hiyo ndipo simu ya Hodan ilipolia. Akaifungua, akaona tikiti aliyoifuta mwezi mmoja uliopita. Abiria: Dahabo Galma. Kiti 17. Garsen kwenda Malindi. Safari ni leo.

Akaifuta tena. Kesho yake, saa ile ile, ikarudi.

Dahabo alikuwa mama mkwe wake, mtu mzima wa Kiorma asiyejua kusoma wala kushika simu. Tikiti zake zote zilikaa kwenye simu ya mkaza mwanawe, naye moyo wake ukatulia hapo. Mwezi ule alikuwa na miadi na daktari, presha ya macho ilikuwa inamla. Siku hiyo hiyo shoga yake Hodan alikuwa anaolewa Malindi, na basi limejaa pomoni. Basi Hodan, bila haya, akamwambia mama wa watu, "Mtandao umekataa, mama. Tikiti haikutoka. Na mimi leo nashinda kule Tarasaa."

Ndani ya basi utingo akaitazama skrini, akauliza, "Dahabo ndiye wewe?"

"Wallahi, ndimi."

Harusi ilifana, alicheza mpaka viatu vikakatika. Mama akapofuka.

Tangu tikiti ianze kurudi, nyumba ilinuka matope ya mto na nywele zilizoungua. Siku ya tatu mama aliita kutoka barazani, "Hodan!" Hodan yuko jikoni, hajafungua hata mdomo, akasikia sauti yake mwenyewe, na kikohozi chake kile kile cha moshi, ikiitika huko nje, "Labeka, mama," na alipotoka mbio, sufuria ikimwangukia miguuni, alimwona mama akienda taratibu kuelekea mtoni, mkono ameunyoosha mbele kama aliyeshikwa, anaongea na kucheka, na kando ya nyayo zake vumbini nyayo nyingine zikijichora zenyewe, moja baada ya moja, pasipo mtu juu yake.

Alimvuta mama akamrudisha. Kisha akakimbia kwa Maalim Mahadi.

"Uliapa nini?" Maalim aliuliza kwa sauti ya chini.

Hodan akamweleza, uso ameuficha ndani ya mtandio.

"Subhanallah! Umeapa kwa Mungu kwamba wewe si wewe. Jina lako ukaliacha chini, na kuna aliyeliokota. Nenda ukakiri kwa mama. Akimpa Hodan radhi, basi Hodan wa kweli ni yule aliyepewa. Leo, binti yangu. Usilaze jambo hili."

Akaenda kweli. Akamkuta mama anamsifu kwa jirani yao Kabibi. "Sina macho, lakini huyu ndiye macho yangu. Angekuwa wa tumbo langu asingenitunza hivi." Kabibi akamtazama Hodan kwa upendo. Wewe ungesema? Hodan akaona aibu. "Kesho," akajiambia, "Kabibi akiwa hayupo." Akatoka kwenda dukani apumue kidogo.

Kesho yake, kabla ya saa saba, alipiga magoti mbele ya mama, wawili tu.

"Mama, tikiti yako ilitoka. Mimi ndiye niliyekalia kiti chako. Nilikwenda kucheza harusini, nikakuacha upofuke. Naona aibu hata kukushika mkono. Niwie radhi, mama yangu."

 Mama Dahabo akakunja uso, akajivuta nyuma kwenye mkeka.

"Hayo Hodan aliniambia jana alasiri, Kabibi alipoondoka. Alilia mpaka leso yangu ikalowa. Nikampa radhi zangu zote, nikamwombea dua. Sasa wewe ni nani, unayekuja kuiga sauti ya mwanangu?"

"Mama, ni mimi! Jana nilikuwa dukani!"

Simu ikalia. Abiria: Hodan. Kiti 17. Safari ni leo. Harufu ya matope ikajaa barazani.

Mama akanyoosha mkono upande ule usiokuwa na mtu, mkono ukatulia hewani, umeshikwa.

"Hodan," akanong'onea upande ule kwa hofu, "mtoe huyu nyumbani kwetu."

"Labeka, mama."