Chini ya Gari la Sabiha

Habib wa Laurel, kule Maryland, Marekani, alipenda gari lake, jamani! Kila Jumamosi asubuhi, majirani wakiwa bado wamelala, yeye alikuwa nje na ndoo, sabuni na kitambaa. Aliosha milango. Alisugua vioo. Akimaliza magurudumu, alisimama mikono kiunoni na kulitazama gari lake kwa raha. Chini ya gari hakuosha hata siku moja. Nani huosha chini ya gari?

Lakini gari lenyewe lilikuwa la kazi ya mkewe, Sabiha. Habib alikwenda kazini Washington kwa treni. Sabiha alipikia watu biriani na pilau za harusi. Gari lile pana la buluu ndilo lililobeba masufuria yake, leo mji wa Columbia, kesho Bladensburg. Bila gari, hakuna kazi.

Januari ya mwaka 1999 ilikuja na barafu. Malori yakapita yakimwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Magari yote ya Laurel yakawa meupe, kama yamepakwa unga.

"Baba Tasnim, mbona huoshi gari siku hizi?" Sabiha aliuliza.

"Kwa baridi hii? Nitaosha joto likirudi. Tena usiwe na wasiwasi, chini nimeshapaka lami."

Kweli alipaka. Kwao Tanga, baba yake alipaka lami chini ya gari, na gari likadumu miaka. Basi Habib alinunua kopo la lami, akajiingiza chini ya gari, akapaka kila kitu. Alipaka juu ya tope, juu ya chumvi, juu ya kutu. Alitoka na lami mpaka kwenye nyusi, furaha tele.

Ijumaa moja jioni, mwezi wa Machi, Sabiha alikuwa akipanga masufuria garini. Kesho yake kulikuwa na harusi Columbia, na watu mia mbili wakingojea biriani yake. Jagi la maji likamwagika sakafuni. Akakimbilia kitambaa. Aliporudi, maji hayapo.

Binti yao, Tasnim, alikuwa amechutama nje. Kiswahili alikisikia vizuri, lakini alijibu kwa Kiingereza tu. Akamwambia mama yake kwamba maji yanatokea chini ya gari.

Sabiha akainua zulia. Toba! Sakafu ilikuwa na tundu kubwa kama kisosi. Kupitia tundu lile alikiona kiatu cha Tasnim.

"Habib!" aliita. Siku hiyo hakumwita Baba Tasnim.

Kelele zile zilimfikia Jerotich, jirani wa ghorofa ya juu. Jerotich alikuwa Mkenya wa Kericho, fundi wa mabasi ya shule. Akashuka na tochi, bisibisi na boksi kuukuu. Akatandika boksi, akalala chali chini ya gari.

"Nani amepaka hii lami?" aliuliza kutoka huko chini.

"Mimi mwenyewe," alisema Habib kwa majivuno kidogo.

"Kuja uone."

Habib akainama. Jerotich akachokonoa kwa bisibisi. Kipande cha lami kikaanguka, na ndani yake kulikuwa na kutu iliyolowa, laini kama keki.

"Unaona? Ulifunika uchafu," alisema Jerotich. "Chumvi na maji vimebaki ndani, vinakula chuma polepole. Ni kama kufunga kidonda bila kukiosha. Na hizi tundu ndogo za kutoa maji umeziba zote."

"Lakini kwetu Tanga, dada Jerotich..."

"Kwenu Tanga malori yanamwaga chumvi barabarani?"

Habib akaokota kile kipande cha lami, akakigeuzageuza. Sabiha alitaka kucheka, lakini moyo ulikuwa mzito.

"Sakafu tutaziba," Jerotich aliendelea. "Kitu imenishtua ni hii paipu. Hii ndiyo inapeleka mafuta kwa breki. Kutu imeimaliza. Ukikanyaga breki kwa nguvu inapasuka, na hapo huna breki. Mama Tasnim, hii gari haiendi Columbia."

Sabiha akamvuta Tasnim karibu. Kesho yake angepita barabara kuu, na Tasnim angekuwa naye.

"Na biriani ya watu?" alisema, machozi yakimlengalenga. "Nimewaahidi!"

"Biriani itaenda na gari yangu. Ni ndogo, tutaenda mara mbili, basi. Usilie, mama."

Wakaenda mara mbili. Wageni wakala, wakasifu, wala hawakujua lolote.

Juma lililofuata Jerotich alilipeleka gari kwa lori la kukokota mpaka gereji ya rafiki yake. Akabadilisha paipu za breki kwa mkono wake. Wakaosha chini kwa maji ya nguvu. Habib akakwangua lami yake yote kwa brashi ya waya, akilalamika kidogo. Yule rafiki wa gereji akachomelea bati jipya sakafuni. Wakazibua matundu ya maji, wakaacha gari likauke kabisa.

"Sasa ndiyo tunapaka," alisema Jerotich, akitikisa kopo. "Hii ni dawa ya mafuta ya kuzuia kutu. Inaingia mpaka kwa mianya. Lakini usipake breki, hazitashika. Usipake ekzosi, ni moto ile, dawa itaungua."

"Na baada ya hapo nimemaliza?"

"Umalize nini? Unapaka kila mwaka kabla ya baridi. Na baridi ikiingia usingoje Aprili. Siku maji hayagandi, peleka gari kwa mashine inayorusha maji kutoka chini. Chumvi ikikaa, inakula."

Habib ni mbishi, lakini akielewa jambo ameelewa. Kabla ya baridi iliyofuata alipaka dawa. Baridi ilipoingia, kila jua lilipotoka, alilipeleka gari mashineni, masikio mekundu kwa baridi, akiimba.

Januari ya mwaka 2000 theluji ilianguka nyingi. Barabara zilipokwanguliwa, walipeleka pilau Bladensburg. Sabiha aliendesha, Habib kando yake, Tasnim nyuma. Waliposhuka mteremko, gari la mbele likasimama ghafla.

Sabiha akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Habib naye akakanyaga sakafu tupu kwa mguu wake. Vifuniko vya masufuria vikalia. Gari likasimama, na pengo la kupita mtu likabaki mbele yao.

Sabiha hakuondoa mguu kwenye breki.

"Ingekuwa ile paipu ya zamani..." Habib alianza.

Sabiha akageuka kumwangalia mwanawe. Tasnim alikuwa amelala fofofo, mkanda kifuani, mdomo wazi. Hata hakushtuka.

"Alhamdulillahi," alisema Sabiha, na safari hii machozi yakamtoka kweli. Gari la mbele likaondoka, nao wakafuata polepole.