Mashavu ya Kaswera

Kila asubuhi kabla ya shule, Kaswera aliteka maji kwenye pipa nyuma ya nyumba yao huko Katindo, akanawa, kisha akampelekea nyanya yake beseni. Nyumbani nyanya huyo aliitwa Koko. Koko Thérèse alikuwa na maneno mengi na mapenzi mengi zaidi, na huzuni yake ilikuwa wembamba wa mjukuu wake. Alimpakulia chakula cha watu wawili, lakini mtoto alibaki mwembamba kama ufito.

Basi mashavu ya Kaswera yalipoanza kujaa, mtaa mzima ulipata habari.

"Angalieni mutoto wangu," Koko alisema, akimshika kidevu. "Ananona. Makayabo yangu imefanya kazi."

Makayabo, yule samaki mkavu wa chumvi, akazidi kwenye sahani. Kaswera alikula kwa furaha, maana sifa ni tamu, naye hakuwahi kusifiwa hivyo. Lakini kulikuwa na mambo aliyoyajua peke yake. Akiamka, macho yalifumbuka kwa shida. Soksi zilimwachia alama nzito miguuni. Tena mkojo wake ulikuwa na povu jingi, kama maji ya kufulia. Alimwaga maji chooni upesi, akanyamaza. Angeanzaje kumwambia Koko kwamba labda furaha yake ni ya bure?

Jumamosi moja jirani yao alikuja kuomba makaa ya moto, akiwa na binti yake Umwiza, aliyesoma darasa moja na Kaswera. Umwiza naye alikuwa mwembamba.

"Umupatie makayabo kila siku, na chumvi ya kutosha," Koko alimshauri mama yake Umwiza. "Ona Kaswera."

Kaswera alimtazama rafiki yake. Kunyamaza kwa ajili yake mwenyewe aliweza. Kumponza Umwiza hakuweza.

"Koko, usimwambie hivyo," alisema polepole. "Mimi sinoni. Ninavimba."

Akaeleza yote, mpaka habari ya povu. Koko alimketisha, akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale, likakawia kujaa. Koko aliinuka mara moja. Alijifunga kitenge, akamshika mjukuu mkono, wakaenda kituo cha afya.

Daktari Nshobole alichovya kijikaratasi kwenye mkojo, kikabadilika rangi. "Figo huchuja damu," aliwaeleza. "Hizi za Kaswera zinapoteza protini ambayo mwili unaihitaji, ndiyo maana maji yanajaa chini ya ngozi. Ataenda hospitali apimwe zaidi na aanze dawa. Chumvi muipunguze sana. Mmefanya vizuri kuja mapema."

Wiki zilipita. Kaswera alimeza dawa zake, uvimbe ukaisha, povu likatoweka, wembamba ukarudi. Daktari aliwaonya kwamba ugonjwa huo unaweza kurudi, kwa hiyo wasiache kuutazama mkojo. Nyumbani wote walikula chakula kisicho na chumvi. Koko ndiye aliyetangulia kula, ingawa uso wake ulisema mengine.

Jioni moja Kaswera aliuliza, "Koko, hauna huzuni? Nimekonda tena."

Koko akaweka kijiko chini. "Nilisifu ugonjwa, nikakufanya uogope kuniharibia furaha. Hiyo ni kosa yangu, unisamehe. Lakini na wewe sikia, mama. Mwili ukikuonyesha kitu, sema, hata kama watu wanafurahi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sikulea mashavu. Nililea wewe."