Hodi ya Kalavati

Haya yalimkuta rafiki yangu, mkaguzi wa barabara mpya ya kulipia, ile iliyonyooshwa kama rula mpaka ikameza nyumba za watu. Ilikuwa ifunguliwe kesho yake, na bosi hakumpa hata nafasi ya kupumua: kalavati moja, lile bomba la zege la kupitishia maji chini ya barabara, lilikuwa bado halijakaguliwa. Akainama mdomoni mwa kalavati hilo, akatania, "Hodi wenyewe!"

"Karibu," akajibu mwanamke.

Akadhani ni fundi wa kike aliyekuja naye, yuko upande wa pili. Akaingia kwenye giza totoro, maji yakidondoka, to, to. Akauliza kwenye redio ya upepo, "Dada, umefika wapi?"

"Niko juu, garini," fundi akajibu redioni. "Huko upande wa pili pamezibwa."

Mbele yake kigoda kikaburutwa. "Keti, baba. Mlango nimeshaufunga."