Usinunue, Dada

Mchana mmoja Kansanga, jijini Kampala, barabara ya Ggaba ikiwa imejaa bodaboda, moshi wa nyama na watu wasiopenda kupishana, sauti ya Wanyama ilinguruma kutoka kwenye spika kama tangazo la kiyama.

"Simu mpya! Njooni nyote! Simu kuukuu ni aibu kwa ukoo!"

Wanyama, kijana wa Busia upande wa Kenya, alikuwa mpiga debe wa duka la simu. Shati la duka, la rangi ya chungwa, lilimbana kifuani kama adhabu. Ndipo akaingia Nabilah.

Wenye mioyo dhaifu washike viti. Gurbaba lake, vazi la kujifunga la wanawake wa Kinubi, lilikuwa la zambarau lenye maua ya manjano, na harufu ya udi ilifika kabla yake. Aliweka simu yake mezani taratibu, kama anayelaza maiti.

"WhatsApp imenifukuza," alisema. "Eti simu imezeeka. Na mimi nauzia humo kawa zangu za kufunikia chakula. Wateja wangu wote wako humo! Nipe mpya, ile ya bei ya chini kabisa."

Wanyama aliigeuzageuza. Kioo kizima, betri nzima. Moyo ukaishinda kazi.

"Dada, usinunue," alinong'ona. "Simu yako haina ugonjwa. Kampuni tu imeacha kuitengenezea mfumo. Nitakuwekea mwingine, unaotengenezwa na watu wa kujitolea. Itaishi miaka."

Kunong'ona ni tabia njema, ila si mbele ya kipaza sauti kilichowashwa. Kansanga nzima ilisikia ushauri huo. Wateja waliokuwa kwenye foleni walitazama simu zao kwa upendo mpya, wakatoka. Bosi akampa Wanyama likizo isiyo na mwisho.

"Umefukuzwa kwa ajili yangu?" Nabilah alimuuliza nje, akiuma mdomo asicheke.

"Nimejitoa mhanga."

"Pole, shujaa. Basi njoo Old Kampala kesho, uifufue. Na hilo shati usije nalo."

Walikutana kwenye mkahawa wa chai, chini ya msikiti mkubwa. Wanyama alitoa kompyuta na waya, uso mzito kama daktari wa upasuaji.

"Nikianza, kila kitu kitafutika. Una cha maana humo?"

"Futa tu," alijibu Nabilah haraka. Binti mwenye heshima zake hamwelezi mambo yake kijana aliyemjua jana. Kisha akaenda kunawa mikono.

Huku nyuma, Wanyama akanakili picha zote kwenye kompyuta. Kwa anayeflashi simu, yaani kuibadilishia mfumo, hiyo ni kama sala kabla ya kula: hufanywa hata bila kuambiwa.

Kazi ikaanza. Kioo kilionyesha duara linalozunguka, likazunguka, likazidi kuzunguka.

"Imekufa," Nabilah alisema, akanyoosha mkono kutoa betri.

"Aki usiitoe!" Wanyama aliushika mkono ule. "Ukiitoa sasa ndiyo itakufa kweli. Ngoja."

Wakangoja. Mkono ulipaswa kuachiwa, lakini hakuna aliyekumbuka.

Simu ikaamka, nyepesi kama mtoto wa mbuzi. WhatsApp ikaipokea bila neno. Nabilah akapiga kigelegele kidogo, wanywa chai wakageuka. Kisha akafungua picha. Tupu! Kawa zote, na nakshi zote ambazo wateja walizichagua, hazipo.

"Usiogope, mrembo," Wanyama alitabasamu kama jogoo. "Nilizinakili zote, ziko kwangu."

"Zote?"

"Zote!"

Uso wa Nabilah ukakunjamana. Miongoni mwa hizo zote kulikuwa na usiku wa hina wa binamu yake, wanawake peke yao ukumbini, na yeye akicheza nywele wazi.

"Nilikuambia nini?"

"Ufute, lakini..."

Hakungoja hiyo lakini. Alichukua simu akaondoka.

Wanyama alipiga simu hadi akapokelewa.

"Nabilah, nisikie."

"Nisikie nini? Kampala hii, simu yako ikilala kwa fundi, kesho picha zako unaziona kwa watu!"

"Basi nizifute?"

Nabilah akazikumbuka kawa: picha zikifutwa, duka lake lote linafutika pamoja nazo.

"Usiguse kitu. Lete kompyuta nyumbani. Shangazi atakuwepo."

Shangazi Kaltumi alikuwepo kweli, uani, mikono kifuani.

"Wanyama," alisema. "Jina hilo sijasikia likiitwa msikitini."

"Ni la kanisani, mama."

Picha zilirudi kwenye simu moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilipoingia, Nabilah aliinua macho.

"Uliangalia?"

Hata kuku waliokuwa uani walijua jibu salama. Wanyama alimtazama shangazi, kisha akamgeukia Nabilah.

"Moja. Lazima ufungue moja ujue nakala haijaharibika. Ikatokea unacheza, nywele wazi. Nikaifunga. Samahani."

"Ungesema hukuangalia, nisingejua."

"Ungeniamini. Kisha kila nikikuona ningekuwa nakudanganya."

Nabilah akaivuta kompyuta karibu. "Kufuta ni wapi hapa?"

Akamwonyesha. Nabilah akafuta mwenyewe, kwa kidole chake, hadi kwenye pipa la taka la kompyuta. Wanyama akaaga, akabeba mzigo wake, akateremka kilima cha Old Kampala. Alikuwa amefika kwenye maduka ya Wahindi simu ilipolia.

"Uko wapi wewe?"

"Chini ya kilima."

"Nani amekuruhusu kuondoka?"

"Hakuna aliyeniambia nibaki."

"Shangazi anasema mtu anayejishtaki mwenyewe mbele ya wazee hulishwa kwanza, halafu huulizwa habari za kwao. Kanisa mtalizungumza baada ya chakula."

"Na wewe unasemaje?"

Kikasikika kicheko kilichobanwa puani.

"Mimi nina swali tu, habibi. Hiyo moja uliyoona... nilikuwa nacheza vizuri?"

Wanyama alikipanda kilima kile mbio, kompyuta ikimgonga mgongoni.