Miiba Getini

Mama Doreen anasema aliona kwa macho yake. Anasema Hyasinta alimsukuma mumewe motoni, akasimama anamtazama akiungua.

"Alishamchoka mlevi wake," huwaambia wenzake bombani, pale kijijini Qurus. "Mimi nilikuwa ng'ambo ya uzio. Nani atanidanganya?"

Hyasinta husikia. Hujitwika ndoo yake, huyo anakwenda.

Mambo hayakuwa hivyo. Mumewe, Piusi, alikuwa akinywa gongo kila siku, kabla hata ya chai. Asubuhi moja akasema mwenyewe, "Mama Julius, nimechoka kuaibika. Naacha."

Hyasinta alilia kwa furaha. Wakakaa na simu, wakamsikiliza kaka Wilibrodi, yule wa podikasti ya walioacha pombe. Hyasinta alimwamini kama ndugu. Sauti yake ndiyo aliyoisikiliza kila alipopalilia maharage.

"Acha mara moja," alisema Wilibrodi. "Ukitetemeka usiogope, ni sumu inatoka. Hospitali usikanyage, watakulewesha upya kwa dawa zao. Fungeni geti. Asiingie mtu mpaka utoke msafi."

Kwa Wairaqw, wenyeji wa huko, jambo hilo si geni. Tangu zamani, nyumba yenye mkosi hujitenga, na jirani mwenye adabu haingii. Hyasinta akaweka matawi ya miiba getini. Majirani wakaona, wakapita mbali.

Piusi akaanza kutetemeka. Kikombe kilimgonga meno. Kesho yake akawa anapangusa siafu mikononi, na siafu hawakuwepo.

"Watoe, Mama Julius! Wananila!"

"Vumilia, baba. Ni sumu inatoka."

Akaongeza sauti ya simu.

Alikuwa nje anapasua kuni aliposikia kishindo. Piusi alikuwa ameanguka jikoni. Mwili umekakamaa, povu mdomoni, mkono wa kulia ndani ya moto. Hyasinta akamvuta huku akipiga kelele. Mama Doreen alisimama kwenye uzio wake. Aliiona ile miiba. Hakuvuka.

Aliyevuka ni Laurencia, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyesikia kelele. Aliitupa miiba kando.

"Mlaze ubavu! Usimtie kijiko mdomoni!" Kisha akapiga simu kutafuta gari.

Hospitalini Piusi alipona, lakini vidole vya mkono ule vilikatwa.

"Dada, si ilikuwa sumu inatoka?" Hyasinta alimuuliza Laurencia.

"Nani kakwambia?"

Akampa simu. Laurencia akasikiliza, uso ukamkunjamana.

"Huyu anaua watu. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa ghafla, unashtuka. Kutetemeka na jasho ni dalili ya hatari. Mtu anaona visivyokuwepo, anaanguka kifafa, anaweza kufa."

"Basi asingeacha?"

"Aache! Ila aanzie kituo cha afya. Atapewa dawa, ataangaliwa mpaka mwili utulie. Na geti liache wazi, Mama Julius. Anayeacha pombe anahitaji watu."

Sasa Piusi hanywi. Huenda kliniki, na hupalilia kwa mkono wa kushoto, polepole. Geti halina miiba.

Hyasinta alimtumia Wilibrodi ujumbe wa sauti. "Kaka, mimi nilikuwa nakuamini. Mume wangu hana vidole. Nakuomba kitu kimoja tu, kifute kile kipindi cha kufunga geti. Kuna mke mwingine anakisikiliza leo."

Alama zilionyesha kwamba ujumbe umesikilizwa. Hyasinta alipalilia mstari mzima wa maharage, akafuta udongo mikononi, akatazama simu. Kipindi kilikuwa palepale. Akaanza mstari mwingine.